Mwili Tu

Papa Balume,

Leo nimefagia chini ya meza yako ya kazi. Nimekuwa nikiikwepa tangu tukuzike, miezi miwili sasa. Chini yake sikukuta kitu ila unga mweupe wa plasta na ile tupa yako yenye mpini uliofungwa mpira wa baiskeli. Nimekaa sakafuni, nimeanza kukuandikia, maana humu karakana sina mwingine wa kubishana naye. Halafu kuna jambo ambalo lazima nilitoe. Nikilinyamazia litaniozea ndani.

Watu wananishangaa, Mturkana kumlilia mkimbizi wa Kongo kama baba yake mzazi. Waache washangae. Uliponipokea hapa Kakuma sikujua hata kushika tupa. Wewe ulikuwa umesomea falsafa seminarini kwenu, vita vikakutoa, ukaishia kambini ukitengeneza miguu ya bandia. Ulikuwa ukisema ni kazi ile ile. Siku yangu ya kwanza nilidhani una wazimu. Alikuja Mzee Ekal kutoka Nakalale, aliyekatwa mguu juu ya goti baada ya kuumwa na nyoka, na badala ya kuchukua kipimo ukamwuliza, "Baba, mguu yako iko wapi sasa?" Nilitamani ardhi inimeze. Swali gani hilo kwa mtu aliyekatwa mguu! Lakini mzee hakukasirika hata kidogo. Alijibu kama mtu aliyengoja kuulizwa hivyo mwaka mzima. "Nimekalia yeye. Amekunja hapa chini, na anauma."

Ukaazima kioo kwa kinyozi. Ukakisimamisha kando ya mguu wake mzima ili aone kana kwamba anayo yote miwili, ukamfundisha kuunyoosha ule usiokuwepo, polepole, wiki tatu. Hukulowesha plasta hata kiganja kimoja kabla mguu ule wa hewa haujanyooka. Ulisema ukimvisha mtu mguu wa bandia wakati wake mwenyewe bado umekunjwa, miguu hiyo miwili itapigana na mtu ataanguka katikati.

Hapo ndipo ubishi wetu ulipoanza, ukadumu miaka sita. Mimi nilisema: nyama ya mguu ule ilishaoza, lakini maumivu yapo, basi mna kitu ndani ya mtu kisichohitaji nyama, nacho ni roho. Ulicheka mpaka plasta ikakukaukia mikononi. "Akiru, ubongo nayo ni nyama. Mguu ilikatwa huku chini, kule juu hawakuikata." Nikakwambia mwili ni gunia tu na mtu ni unga uliomo. Ukanijibu, "Gunia ikitoboka, unga hailie. Miye ukinitoboa, ninalia. Mutu haiko ndani ya mwili. Mutu njo mwili." Njo, yaani ndiye, kwa Kiswahili chenu cha Kongo. Bibi yangu alipotutembelea alitusuta sote wawili: kinachofikiri ni moyo, kichwa kazi yake ni kubeba maji. Kwa jibu lile ulimpenda, ukamtengenezea mkongojo bila hata kuombwa.

Ulianguka asubuhi, tupa mkononi. Kiharusi. Upande wa kulia ukalegea wote, na maneno, wewe mwenye maneno mengi kuliko redio, yakakatika papo hapo. Nilipanda nawe gari la wagonjwa hadi hospitali ya Lodwar. Njia nzima nilikuwa nakwambia tumefika wapi, kana kwamba ulikuwa umeniuliza.

Tulikaa Lodwar siku kumi na moja. Nililala kwa shangazi yangu, mtaa wa Nawoitorong, na kila asubuhi nilikuja wodini na mafuta ya kukusugua miguu, maana nyayo zako zilikuwa zikipasuka. Macho yako yalikuwa nusu wazi na hayakufuata kitu. Daktari alisema sehemu kubwa ya ubongo imekufa, na hadhani kama unasikia. Hadhani, alisema. Neno hilo nililisikia vizuri.

Siku ya tisa, saa za kuwaona wagonjwa, alikuja mzee wa kanisa lenu kutoka kambini. Alisimama upande wa kichwa chako, akaninong'oneza kwamba kuna mambo ya kupanga, basi tutoke nje. Alikuwa na adabu zake, yule mzee. Asiyekuwa nazo ni mimi. Nilikuwa nimechoka, Papa, nilikuwa sija... hapana, sitafuti sababu. Ulimi hauna mfupa. Nilimwambia, "Sema tu hapa hapa. Papa alishaenda. Hii ni mwili tu." Nikaendelea: jeneza, kaburi, nani atapewa meza yako. Alipotaja nyimbo zile za mazishi ulizozichukia, zile ulizoziita kelele za kutisha watoto, nikasema ziimbwe tu, kwani utajuaje?

Mguu wako wa kushoto ulikuwa mkononi mwangu, una mafuta. Kidole gumba kikanibana.

Hakikutetemeka. Miaka sita nashika miguu ya watu, kutetemeka nakujua. Kilijikunja juu ya kidole changu, kikakaa hivyo kitambo, kikaachia. Muuguzi akasema ni mishipa tu, hata kuku aliyechinjwa hufanya hivyo. Nilitaka sana kumwamini. Mzee wa kanisa alipoondoka niliinama sikioni kwako, nikakuomba ubane tena. Siku mbili nilishika kidole kile, nikakuomba kwa Kiswahili, kwa Kiturkana, hata kwa yale maneno machache ya Kifaransa uliyonifundisha kwa mzaha. Hukubana. Na lile swali ulilonifundisha kumwuliza kila anayelala mbele yetu, uko wapi sasa, wewe sikukuuliza. Niliogopa usije ukanijibu.

Tulikuzika Kakuma. Nyimbo zile ziliimbwa, zote, na mimi niliitikia.

Juma lililopita Mzee Ekal alikuja kukazwa mkanda wa mguu wake. Hakuwa na habari. Aliposalimu ejok alitazama meza yako kwanza, mimi baadaye. Nilipomwambia aliketi, akauvua mguu, akaupakata kama mwanambuzi. Akasema, "Mkono yake iko hapa ndani. Yeye amekufa, na mkono yake bado inanitembeza." Mtu mwingine angefarijika. Mimi nilitoka nje, nikamwacha mkanda haujakazwa.

Maana nimezunguka pande zote, Papa, na sioni pa kutokea. Kwa hoja yangu, labda roho yako ilikuwa imeshaondoka, na maneno yangu yalianguka juu ya nyama. Basi nani alinibana? Kwa hoja yako, mtu ndiye mwili, na mwili ulikuwepo, wa moto, mkononi mwangu. Ulikuwepo. Nilikuita "mwili tu" mbele ya uso wako, nikakupangia kaburi huku unasikia, na mdomo haukukupa hata neno moja la kunikatalia. Na kwa hoja hiyo hiyo sasa hupo popote, wala hakuna wa kunisamehe.

Kanisani napiga magoti na wenzangu. Wao wanaombea roho za marehemu wao. Mimi namwomba Mungu iwe ulikuwa umeondoka kabla ya siku ya tisa, iwe kidole kile kilikuwa mishipa tu, kama ya kuku. Naomba hivyo nikijua siamini. Kazi nafanya, nachonga, napima, watu wanatembea. Furaha yake imekwisha na sidhani kama itarudi.

Ahadi kubwa siziwezi. Nakuahidi hii ndogo: mtu akiwa bado ana joto, hata kama daktari amekata tamaa, hata kama macho hayafuati kitu, nitazungumza naye kama mtu, na atakayesema mbele yake kwamba ni mwili tu nitamtoa nje, awe mchungaji, awe nani. Wewe haikusaidii kitu. Najua.

Kwaheri, Papa. Miaka sita ya ubishi umeimaliza kwa kidole kimoja. Umeshinda, nakubali, mutu njo mwili. Laiti ungekuwepo unicheke.

Akiru