Nilipika Pilau ya Arobaini Yako

Mama,

Barua zangu zote nilizianza kwa kukuuliza hali. Leo sikuulizi. Nimekuuliza miezi mitatu nawe hupo, na watu wakanijibu kwa niaba yako kwamba hujambo.

Nipo jikoni kwa mdogo wako Zuhura, hapa Weston ughaibuni, kwenye meza ninayosomea kila siku kwa sababu jikoni ndiko kwenye joto. Theluji imeanguka tangu alfajiri na mabasi yanatambaa. Mama mdogo yupo kazini kwa wazee wake anaowauguza. Afadhali. Sisemi naye tangu Jumapili.

Jumapili nilikuwa namfunga zipu ya koti binti yake, Salma, atoke kucheza. Ana miaka saba. Kiswahili chetu anakisikia chote, ila kujibu hujibu kwa Kiingereza. Akaniuliza, kama mtoto anayetaka kujua tu, mbona mimi sikulia siku ile tulipomwombea mama yangu. Nikamwambia mama yangu yupo Tanga. Akatikisa kichwa. Akasema hapana, amekufa, sote tulimsomea, na wewe ndiye uliyepika.

Nikamalizia kufunga zipu. Sijui kwa nini nilimalizia.

Nilipika, Mama. Mwezi wa kwanza, Jumamosi, Mama mdogo aliniambia kuna arobaini ya mama wa rafiki yake, na kwa huyo rafiki hapatoshi watu, kwa hiyo hitima itasomwa kwetu. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nilikuwa nimechoka na vitabu na nilitamani kuona nyumba imejaa watu wa kwetu. Asubuhi nilichukua koleo nikazoa theluji kutoka mlangoni hadi barabarani, ili wageni wapite. Kisha nikapika pilau kwa mkono wako. Nilikaanga vitunguu taratibu huku nikikusikia: "Kitunguu hakiharakishwi, kitakulipiza." Watu walikuja kutoka mtaa wa Jane na Finch kwa basi, na mzee mmoja alikuja na gari lake kutoka mji wa Markham. Huyo alinishika mkono mlangoni akaung'ang'ania, nikadhani anatafuta joto.

Wote walikuwa wanajua.

Dua ilipokaribia penye kutajwa jina la marehemu, Mama mdogo alinituma nje nikamwage chumvi ya kuyeyusha barafu kwenye ngazi, watu wasije wakateleza. Nikavaa koti, nikamwaga chumvi, ngazi moja baada ya nyingine, kwa makini kabisa. Ndani wanakutaja, mimi nje nalinda miguu ya wageni. Niliporudi walikuwa wameshafika kwenye "amin", nami nikaitikia.

Wakala, wakasifu. Mama mdogo alionja tonge moja tu, akaenda bafuni. Alitoka macho mekundu, akasema baridi ya nchi hii inamtoa machozi. Ndani ya nyumba, Mama, na hita inawaka! Nami nikaamini. Mtu anayesomea uhandisi.

Na barua je? Kwa kuwa wewe siku zote ulisema na kaka Shabani akaandika, mwandiko haukunishtua. "Mama anasema uvae soksi mbili ndani ya viatu, na karatasi ya nailoni juu ya ile ya kwanza." Nikavaa. Kila asubuhi nilikwenda kusubiri basi la chuo nimevaa soksi mbili na nailoni, nikiona fahari kwamba mama yangu ananiwaza. Kaka Shabani theluji ameiona wapi? Sasa najua ni Mama mdogo aliyemwambia aandike hivyo. Nikipiga simu kwa jirani, umekwenda Muheza kwa mgonjwa. Nikipiga tena, umekwenda shambani. Nikasema moyoni, mama huyu siku hizi ana nguvu!

Nilipombana Mama mdogo Jumapili, hakukataa. Alikaa sakafuni akasema, "Ni wasia wa dada, baba. Alisema usiambiwe mpaka umalize mitihani ya mwezi wa nne. Alisema ukijua utarudi." 

Kwa hiyo ni wewe.

Hapo ndipo paliponiuma, Mama. Wao ningewasamehe, wao walitumwa. Lakini wewe ndiwe uliyesema, yule kijana wa Bi Mwanahawa alipofichwa kifo cha baba yake mpaka likizo, "Wamemdhulumu. Mtu hafichwi msiba wake." Ulisusa hata kunywa chai kwao. Na siku naondoka ulinikunjua kola ukaniambia, "Lolote likitokea, jema au baya, utalisikia kutoka nyumbani kwako." Nimelisikia kwa mtoto wa miaka saba. Ulikuwa kitandani unajua unakwenda, mdomo unao, ukautumia kuwaapisha watu wanidanganye.

Najua maiti hasemwi vibaya. Basi nimwambie nani?

Na nitakubali jambo moja, maana uongo umetosha nyumba hii. Ningerudi. Ningeacha kila kitu, ungesikia hodi yangu uani, pengine nimechelewa au sijachelewa. Hesabu yako ilikuwa sahihi. Ila masomo yalikuwa yangu kuyaacha, na wewe ulikuwa wangu kukuzika.

Jumatatu nilitandika mkeka chumbani nikakaa matanga yangu, siku tatu, peke yangu. Chuo sikwenda. Siku ya pili Mama mdogo aliporudi kutoka kazini, hakubisha hodi. Aliingia na sare yake, theluji bado iko mabegani, akakaa ukingoni mwa mkeka akalia kwa sauti, kilio cha miezi mitatu. Nilisogea kidogo akapata pa kukaa vizuri. Yeye naye alifiwa na dada, akanipikia mimi uji kila asubuhi huku anatabasamu. Nitasema naye, lakini si leo.

Mtihani nitaufanya. Usinihesabie kwamba nimekubali.

Kila Ijumaa nitakusomea, hilo nakuahidi, hata wiki nitakazokuwa na hasira. Na siku nitakayokuwa na watoto, wakawa mbali, mimi nikawa kitandani, wataambiwa siku hiyo hiyo. Hata kama wamo ndani ya chumba cha mtihani, mtu aingie awatoe. Waje wasije, watachagua wenyewe.

Lala salama, mama yangu. Mungu akupanulie kaburi lako ambalo sijui liko upande gani wa kaburi la baba.

Wenzangu walikuaga zamani. Nimechelewa, Mama. Sikuambiwa.

Mwanao,
Athumani