Bibi Aliugua, Nikawa Mwalimu

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumatano, 15 Mei 1974

Mvua ya asubuhi imekatika saa nne, jua likatoka, na uani kwa Mama Mdogo kunanuka matope na mkaa uliolowa. Vidole vyangu bado vina chaki. Nimenawa mara mbili, lakini sikusugua sana. Nadhani sitaki itoke.

Leo nataka kujisifu, na kwa kuwa sina wa kumsimulia, nitajisifu hapa.

Kwanza niseme la aibu. Shajara hii nilianza kuiandika kwa Kiingereza cha shule, ili mama yangu kule Mombasa akiikuta chini ya mto asiambulie kitu, na pia niliona Kiswahili si cha kuandikia. Hapa Dar nimemwona karani wa posta akiandika Kiswahili, na daktari, na wakubwa wa ofisini, wala hawaoni haya. Nikaona aibu kwa ile aibu yangu. Tangu wiki iliyopita naandika hivi. Mama akiisoma, basi na aisome.

Tulikuja kwa wiki mbili tu, Bibi na mimi, kumwona mtoto mchanga wa Mama Mdogo wakati wa likizo ya Aprili. Siku ya kumi na moja Bibi akashikwa na homa ya matumbo. Alipotoka hospitali daktari akasema alale, ale uji, na asithubutu kupanda basi mpaka yeye mwenyewe amruhusu. Kwa hiyo shule ilifunguliwa Mombasa, wenzangu wakaingia darasani, nami niko huku nakoroga uji.

Nilimkasirikia Bibi. Naandika nikijua ni dhambi. Nilimkanda miguu, nikamchemshia maji, nikamfulia shuka, na moyoni nikamkasirikia kwa kwenda kuugua nchi ya watu.

Kila siku baada ya alasiri wanawake tisa wa mtaa huu huja hapa uani kwa kisomo. Kuna darasa jingine la watu wazima kule shuleni, lakini ni la usiku, wanaume na wanawake pamoja, na waume wa hawa tisa wameshasema huko hawaendi. Uani kwa Mama Mdogo ndiko pekee wanakoruhusiwa. Basi mwalimu wao akaenda Morogoro kujifungulia kwa mama yake, na siku hiyohiyo ofisi ya elimu ikaleta habari kwamba mkaguzi atakuja katikati ya Mei. Akikuta hawasomi, darasa la uani litafungwa.

Mama Mdogo hakuniuliza. Alinishika bega akanisukuma mbele yao.

"Huyu anasoma Kiingereza kwa Wakenya huko, a-e-i-o-u itamshinda?"

Mimi darasani kwetu mwalimu akiniuliza, jibu ninalo ila sauti haiji. Na hapa mdogo kuliko wote ana watoto wanne. Niliwaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba kwa pamoja kama ngoma, na baada ya hapo sikuwa na neno jingine.

"Huyu mwalimu bubu," akasema Bi Tatu, Mzaramo wa hapahapa, anauza karanga karibu na soko jipya wanalojenga. "Ndugu zangu, tumeletewa mwalimu wa kutazama."

Wakacheka. Mama Siwema, Mnyamwezi wa Tabora, anayekaanga vitumbua nyumba ya pili, akanionea huruma akafungua kitabu, na wote wakaanza kusoma.

Walisoma vizuri ajabu! Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kukwama. Nikajiambia kazi imekwisha kabla sijaanza. Mara upepo ukapita, ukafunua kitabu cha Mama Siwema kurasa nne mbele. Hakusita. Akaendelea na ule ule wa mwanzo, macho yametulia kwenye picha ya ng'ombe, mdomo unasoma habari za kisima.

Nikatazama vizuri. Bi Tatu alikuwa amekishika chake juu chini.

Nililielewa kosa lao upesi kwa sababu ni kosa langu pia. Sote tumepita chuo cha Kurani kwa maalimu, na chuoni ukiweza kuitoa sura kichwani bila kukosea, umesoma, unapewa na halua. Wao wamekihifadhi kitabu cha kisomo kama juzuu. Walikuwa hawadanganyi. Waliamini wanasoma.

Sasa mtoto wa miaka kumi na mitano atawaambiaje mama zake kwamba hawajui kusoma?

Sikuwaambia. Siku mbili nzima niliwasikiliza wakikariri nami nikiitikia kwa kichwa kama mjinga.

Siku ya tatu nikafunika vitabu kwa ungo, nikachukua chaki. Kwa kuwa kusema siwezi, nikaandika. Niliandika kitu ambacho hakimo kitabuni, habari yao wenyewe: Bi Tatu anakoroma. Nikasimama kando. Nilitegemea anayejua kusoma acheke, nami nimjue kwa kicheko chake.

Hakuna aliyecheka. Waliojikongoja mpaka mwisho wakainamisha macho, na Bi Tatu alipofika kwenye neno la mwisho akafunga kanga yake upya, akaondoka bila kuaga. Nililia chooni.

Bibi alikuwa amesikia yote kutoka kitandani, dirisha lake linaangalia uani. "Ninyi watoto wa shule," akaniambia, "mnajua herufi, hamjui watu. Wewe ni mtani wake? Mwache mtani wake amtukane. Mzaramo na Mnyamwezi wanaibiana hata maiti na hawagombani."

Kesho yake nikamwomba radhi Bi Tatu, nikiwa nimepiga magoti, kwa sauti ambayo sijui aliisikia. Kisha nikaandika ubaoni: Mama Siwema anasema Wazaramo wanapika ugali kwa maji ya bahari.

Ubao ule walivyoutazama! Midomo inatafuta, wa... za... ra... Ghafla Bi Tatu akaruka. "Nani? Mnyamwezi huyu? Aliyekuja mjini na mzigo kichwani, mpaka leo shingo haijanyooka?" Uani pakalipuka. Akanisukumia chaki mkononi, eti nimwandikie majibu. Nikamwandikia, na mara hii ikawa zamu ya Mama Siwema kucheka. Toka siku hiyo hakuna aliyechelewa. Wengine walikuja kabla ya alasiri, kuona nani katukanwa.

Niliwajua wanaosoma kwa vicheko. Siku za kwanza wawili, halafu wanne. Bibi naye alikuwa ananisubiri nikimpelekea uji anipe matusi ya kesho. Ana mengi. Sikujua kwamba nina bibi wa namna hii. Nimekaa naye miaka yangu yote nikidhani ni mtu wa tasbihi na dawa ya mgongo tu.

Leo ndiyo leo. Mkaguzi amekuja saa kumi, mwanamume mrefu mwenye shati la mikono mifupi na kalamu mbili mfukoni. Amekaa kwenye kigoda, magoti karibu yafike masikioni. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya shuka za Bibi zilizoanikwa.

Wametoa vitabu. Mkaguzi akasema, "Ndugu zangu, leo vitabu tuviweke chini," akaenda ubaoni mwenyewe.

Nikashika kamba ya nguo.

Ameandika: Maji ya kunywa yachemshwe kwanza. Akamwonyesha Bi Tatu. Bi Tatu akainuka, akaweka mikono nyuma kama mtoto wa shule. Ma... ji. Ya. Ku... nywa. Pale kwenye "yachemshwe" alikwama, akarudi nyuma, akalivamia upya, akalitoa zima. Kisha akamgeukia mkaguzi.

"Sasa haya si mngemwandikia huyu bibi wa Mombasa mapema? Mnakuja kuandika mtu keshalala kitandani mwezi mzima!"

Kutoka dirishani nikamsikia Bibi akicheka hadi akakohoa. Hata mkaguzi alicheka.

Akaendelea mmoja mmoja, kila mtu sentensi yake. Sita walisoma. Wawili walisoma nusu. Wa mwisho akawa Mama Siwema. Aliandikiwa: Shuleni kuna madawati mapya. Akasema "Shuleni kuna," akakazia macho ubao. Akasema "watoto." Mkaguzi akatikisa kichwa taratibu kukataa. Akasema "walimu." Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Neno lile lilikuwa mdomoni mwangu, na ningeweza kulinong'ona.

Sikulinong'ona.

"Hapo pamenishinda, ndugu," akasema Mama Siwema, akakaa. Hata Bi Tatu hakumtania.

Mkaguzi akaandika kwenye daftari lake muda mrefu. Kisha akasema amezoea kukuta watu wanaimba kitabu, na leo amesikia watu wakisoma, na darasa hili litabaki hapa hapa uani. Vigelegele vilivyopigwa! Mtoto wa Mama Mdogo akaamka analia. Halafu mkaguzi akauliza, "Mwalimu wenu yuko wapi?"

Wote wakageukia shuka.

Nikatoka.

"Ni mimi."

Nimelisema mwenyewe, na limesikika mpaka kwa Bibi. Mkaguzi akaniangalia juu mpaka chini, nilivyo na kanga ya jikoni kiunoni, akanipa mkono wenye chaki. "Hongera, ndugu mwalimu. Umewafundisha kwa kitabu gani?"

"Kwa utani, ndugu. Kitabu walikuwa wamekihifadhi."

Maneno sita mbele ya watu kumi na kitu! Kwetu shuleni hakuna atakayeamini. Nilijiona mrefu, nikajiona kama mtu aliyetumwa na nchi yake. Alipoondoka wakanibeba, kweli wakanibeba, Bi Tatu akanishika miguu, na Mama Mdogo akawa anawaambia majirani kwamba alijua tangu mwanzo. Nimejivuna, na bado najivuna, sitaki kujinyenyekeza usiku wa leo.

Lakini kuna moja, na nisipoliandika hapa nitakuwa nimejidanganya.

Mama Siwema hakukaa kunywa chai na wenzake. Alisema ana mchele wa kuloweka, akaenda. Na mimi nilikuwa najua. Nilijua tangu wiki iliyopita. Kila nikiandika utani ubaoni alikuwa anacheka, ndiyo, tena kwa sauti kuliko wote, lakini anacheka wa mwisho. Alikuwa anawaangalia usoni wenzake kwanza. Niliona, nikanyamaza. Nilijiambia ni heshima, yeye ni mtu mzima na alinionea huruma siku ya kwanza. Haikuwa heshima. Niliogopa kufungua mdomo, na raha ya kuwa mwalimu anayependwa ilinizidi.

Daktari amesema Bibi atasafiri Ijumaa ya wiki ijayo. Siku tisa. Zamani, yaani mwezi uliopita, ningezihesabu kwa furaha.

Kesho alfajiri, kabla ya wateja wa vitumbua, nitakwenda kwa Mama Siwema na kibao kidogo. Hakutakuwa na wenzake wa kuwatazama usoni. Nitaandika neno moja, kisha jingine, na nikiona anakisia nitamwambia, kwa mdomo wangu na si kwa chaki: "Mama, hapo umekisia. Turudie."