Mzunguko wa Tatu

Jericho, Jumapili mchana

Baba,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua: umelala Bungoma na huna shida na mtu. Nakuandikia kwa sababu nina wivu, na ninayemwonea wivu ni Mutua, kibarua wako. Nimeona afadhali nikuambie wewe kuliko Mama. Yeye atanikemea na Biblia mkononi.

Kwanza habari za kazi. Miti yako yote ipo, na mbao, na kamba. Kwenye matanga watu walinong'ona kwamba mwanamke hawezi kufunga jukwaa la miti ukutani wakasimama mafundi wa plasta. Nimefunga manne tangu tukuzike na hakuna aliyeanguka. Mutua naye alijitegemea, akanunua miti yake Gikomba.

Shida yangu ni bei. Wewe hukuwa na karatasi wala kalamu. Ulizunguka nyumba mara tatu, mikono nyuma, kisha ukataja bei na hukushuka hata shilingi. Mimi nilikuwa nakuletea chai, natazama kwa mbali. Mzunguko wa kwanza ulitazama juu: urefu wa ukuta, miti mingapi. Wa pili ulitazama chini: matope, mtaro, mahali ambapo mti utazama. Hiyo miwili niliijua bila kufundishwa. Ulipofika wa tatu, uliniambia, "Nekesa, rudisha birika kwa mama yako." Mutua akabaki. Kila mara, Baba, Mutua akabaki! Mimi nikarudi na birika tupu nikilia njia nzima, msichana wa miaka ishirini na mbili. Wewe ulidhani macho yangu ni mekundu kwa moshi wa jiko.

Najua ulinilipia kozi ya taipu ili nikae ofisini. Lakini mtoto ni mimi. Pua ni yako, hasira ni yako. Yeye alitoka Machakos kuomba kibarua cha siku moja, ukampa mzunguko wa tatu.

Sasa sikia. Kulitokea kazi Donholm, nyumba ya ghorofa tatu inayotaka plasta nje. Tuliitwa sote wawili. Mutua akazunguka mara tatu, mikono nyuma, hata kile kikohozi chako akakikohoa. Nilitamani kumrushia jiwe. Mimi nikazunguka mara mbili, nikataja bei karibu nusu ya yake, nikapewa kazi. Nilicheka mpaka nyumbani.

Baba, wiki mbili nilizopiga hesabu zimekuwa saba. Mafundi walimaliza ukuta mmoja wakakaa. Simiti imeisha, mwenye nyumba anahangaika kupata nyingine, na miti yangu imesimama pale inanyeshewa. Siwezi kuifungua, kwa sababu nilikubali bei moja mpaka kazi iishe. Nimekataa kazi mbili kwa kukosa miti. Zote mbili amepata nani? Mutua.

Mficha uchi hazai. Jumanne nilimeza kiburi nikaenda kwake, nikamwuliza mzunguko wa tatu ulikuwa wa nini. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Akaniambia kwamba mzunguko huo hukuwa unatazama nyumba hata kidogo. Ulikuwa unatafuta simiti. Ukikuta imejaa stoo, ulitaja bei ya kazi nzima. Ukikuta mifuko michache chini ya turubai, ulitaja bei ya kila wiki, kwa sababu mwenye nyumba atakwama na miti itamngoja. "Mti uliosimama uko kazini," ndivyo ulivyomwambia. Pale Donholm kulikuwa na mifuko minne. Niliiona, Baba. Niliikalia nikinywa soda.

Nilipoinuka kwenda, Mutua akasema, "Sista, mzee alisema ukikuja kuuliza nikuambie. Usipokuja, ninyamaze."

Nikamwuliza kwa nini hukuniambia mwenyewe. Akasema uliogopa. Ulimwambia kwamba mimi nina jicho kuliko yeye, na kwamba nikiujua mzunguko ule sitashuka tena kwenye miti mpaka siku nitakayoanguka.

Nilitembea mpaka nyumbani sioni njia. Kumbe uliliona jicho langu. Uliliona, ukaenda kumwambia yeye! Siri ya bei nimeshamsamehe, na zile kazi mbili pia. Wivu uliobaki ni huu: Mutua ana maneno uliyosema juu yangu, na mimi mwenyewe sikuwahi kuyasikia. Nikamwuliza kama yapo mengine. Akasema yapo mengi, mlikuwa mnanizungumzia kila saa ya chakula.

Jumamosi ataniletea miti yake niazime, mpaka yangu itoke Donholm. Nitampikia ugali na kuku, nimkalishe kwenye kiti chako, na hatainuka mpaka anisimulie yote, neno kwa neno. Nikiona anameza haraka nitamwongezea.

Pumzika sasa, Baba. Usiogope, nafunga kamba mara mbili kama ulivyokuwa unafunga. Nakuahidi kila nyumba nitaizunguka mara tatu. Na birika, Mama akiitaka, atakuja kuichukua mwenyewe.

Mwanao,
Nekesa