Niliwaambia Wagawe, Sasa Natakiwa Niwaite Wezi

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie, na naomba uuvumilie mwandiko wangu, maana mkono unacheka. Sijui kama mkono unaweza kucheka, lakini wangu unacheka wiki ya tatu sasa, na hiyo ni sehemu ya tatizo: nimejiingiza kwenye jambo zito, na kila nikikaa nilihuzunikie, furaha inanipanda hadi kooni.

Kazi yangu ni kusahihisha maandishi katika kiwanda cha uchapishaji, hasa vile vijikaratasi vinavyokunjwa mara nane na kutiwa ndani ya boksi la dawa. Ni kazi ya kimya na inanifaa, mimi ni mtu wa kukaa na mawazo yangu. Lakini mwaka juzi niliandika mchezo wa kusikiliza, vipindi kumi na viwili, kuhusu bibi harusi aliyekwama kwenye lifti pamoja na mama mkwe wake mtarajiwa na fundi aliyeingia kuitengeneza akafungiwa humo humo, huku wageni wanawasubiri ghorofa ya tisa. Tuliurekodi nyumbani kwa shangazi yangu, ambaye ni fundi cherehani, ndani ya kabati lake la nguo, kwa sababu makoti yanameza mwangwi. Bibi harusi nilikuwa mimi, fundi wa lifti alikuwa mtoto wa shangazi, ambaye sote tunamwita Waya kwa kuwa hakuna kifaa nyumbani ambacho hajakifungua, na mama mkwe alikuwa shangazi mwenyewe. Mshauri, ungemsikia! Ana miaka hamsini na minane, alitaka kuigiza tangu akiwa msichana akaambiwa ashike sindano, na siku alipojibana kwenye lile kabati akafungua mdomo, mimi niliyeandika maneno yale niliyasahau yote.

Redio mbili zilitukataa. Moja ilisema hakuna mtu atakayesikiliza watu watatu ndani ya sanduku. Ndipo Waya akasema, "Dada, tuwape watu bure, wagawane wenyewe." Akanieleza kwamba kuna programu ambayo ukipakua kitu, kompyuta yako nayo inaanza kumgawia mwingine vipande vya ulichopata, na huyo anamgawia mwingine, hakuna ghala wala mwenye duka, kila aliyepokea anageuka mgawaji. Nikamwuliza kama huo si wizi.

"Wizi ni kugawa cha watu bila ruhusa," akasema. "Hiki ni chetu. Ruhusa tunatoa sisi."

Basi nikaiandika ruhusa yenyewe, ya kisheria kabisa, nikasema kwamba yeyote anaweza kunakili na kugawa, kwamba ruhusa haina mwisho na haifutiki, mradi asiuuze mchezo wala asiyaondoe majina yetu. Niliisahihisha mara sita. Na mwanzoni mwa kila kipindi nikasema kwa sauti yangu: "Mchezo huu ni wetu, na wewe umeruhusiwa. Nakili, mpe jirani, mpe hata usiyeelewana naye."

Wakapeana! Kwenye ile programu kuna namba inayoonyesha ni wangapi wanagawa kwa saa hiyo, na mwezi wa kwanza tulikuwa sisi wawili, mimi na Waya, halafu kumi na moja, halafu mia nne, halafu nikaacha kushangaa nikaanza kuona kizunguzungu. Siku moja nilikuwa kwenye foleni ya benki, mwanamke mbele yangu amevaa spika za masikioni na mabega yanamtetemeka, mara akanong'ona peke yake, "Mkoba wangu usiuguse, koo zetu hazijaungana bado," na hayo ni maneno ya shangazi katika kipindi cha nne, mshauri, nikatoka kwenye foleni nikaenda kusimama nje kwa sababu ningemkumbatia. Kwa shangazi watu wanaleta suruali zisizo na kasoro yoyote. Kuna bwana mmoja alisema, "Mama, sina haraka ya kuipanua, wewe nigombeze tu kidogo." Shangazi akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Kiuno hiki umekipata wapi? Umeajiriwa kula?" Wateja wakapiga makofi. Bwana akaondoka anang'aa kama amepandishwa cheo.

Sasa sikiliza kosa langu. Kampuni moja ya filamu na michezo iliniita. Nilikaa mbele ya meza ya kioo, na mkurugenzi akasema, "Tunautaka."

"Upi?" nikauliza, kama mtu asiye na akili.

"Wote. Vipindi tuviuze, filamu tutengeneze, jukwaani tuupeleke. Na mama mkwe tunamtaka huyo huyo."

Huyo huyo! Niliposikia hivyo sikusikia tena kitu kingine vizuri. Akasema, "Huko watu wanakogawana, utauondoa, sivyo?" Na mimi, mtu ninayeisoma nukta mara tatu kabla ya kuipitisha, nikajibu, "Leo leo."

Nikarudi mbio, nikazima kompyuta yetu. Waya akaja ana kipande cha mkate mdomoni.

"Umefanya nini?"

"Nimeuondoa mchezo."

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akanionyesha simu yake: watu elfu tatu na mia mbili wanagawa. "Umejiondoa wewe, dada. Wao wapo." Kesho yake namba ilikuwa imepanda. Na mimi, badala ya kulia, nilicheka naye, nikajifungia chooni nikacheka tena, kwa sababu nilikuwa nimejaribu kukiua kitu changu kikakataa kufa, na sijawahi kuona jambo zuri kama hilo.

Nikamwambia mkurugenzi kwamba kuna ugumu kidogo. Hakukasirika. Wanasheria wake waliongeza kifungu kwenye mkataba: nirekodi tangazo la sekunde thelathini, kwa sauti ile ile inayofungua vipindi, niseme, "Mchezo huu umeibwa. Aliyekupa ni mwizi, na wewe ukigawa ni mwizi." Wao watalitia kwenye mafaili ya uongo yenye jina la mchezo wetu na kuyamwaga huko huko watu wanakogawana, ili anayetafuta lifti akutane na mimi namtukana.

Nimelirekodi, mshauri. Ndani ya kabati. Sauti imetoka safi kuliko zote. Shangazi aliuliza akiwa nje ya mlango, "Nani kaiba nini?" Nikamjibu ni tangazo tu. "Basi lisome kwa nguvu, wasije wakasema familia yetu ina mafua." Hajui maana yake. Anachojua ni kwamba Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu tunakwenda kutia saini. Ameshajishonea gauni la kijani lenye vifungo kumi na vinne, na kila akimaliza kazi anafanya mazoezi ya kuingia mlangoni. Waya anajua, na amenuna. Ananiletea ujumbe mmoja tu kila asubuhi, bila salamu wala jina: namba ya wanaogawa.

Kazini nimeshaharibu. Juzi nilipitisha kijikaratasi cha vidonge kilichoandikwa, "Tikisa vizuri kabla ya kunywa." Msimamizi akakileta mezani kwangu taratibu kabla hakijaenda mashineni. "Dada, hivi vidonge tunavitikisaje?"

Sijalipeleka lile tangazo bado. Nikilipeleka, shangazi anapata jukwaa alilonyimwa ujana wake wote. Nisipolipeleka, nitakuwa nimemnyang'anya mimi, mtu anayempenda, akiwa amevaa gauni tayari. Nifanye nini?

Ni mimi,
Bibi Harusi wa Kabatini

*

Bibi Harusi wa Kabatini,

Nitakupongeza, halafu nitakugombeza, kwa sababu vyote viwili umevitolea jasho.

Hongera. Mchezo wako ninao. Nilipewa na mume wa binti yangu, akaniwekea kwenye simu, akasema, "Mama, sikiliza hii, utacheka." Kipindi cha kwanza nilidhani ananisema. Nilipofika cha tatu nikajua ananisema. Nikampelekea dada yangu naye asemwe. Sikuuuza, sikuondoa jina la mtu, nilifanya kile hasa ulichoniambia nifanye kwa sauti yako mwenyewe. Na sasa unataka kurudi kwenye masikio yangu uniite mwizi? Haya, niite. Lakini ujue unamwita mama wa watu mwizi kwa kukutii.

Tuache utani. Binti yangu, ruhusa uliyoitoa ulisema haifutiki. Uliisahihisha mara sita. Waliopokea wametimiza masharti yao, aliyevunja ni wewe, au utakuwa wewe siku ukilitoa tangazo hilo. Kampuni inataka kununua sauti ambayo watu wanaiamini, kisha iitumie kuwadanganya watu hao hao. Siku hiyo ikifika, hutakuwa na chochote cha kuwauzia mara ya pili. Huyo mwanamke wa benki hatacheka tena akikusikia.

Na huo si uongo wako wa kwanza. Wa kwanza ni ule wa "leo leo". Mkurugenzi anadhani ananunua nyumba yenye mlango mmoja na ufunguo, kumbe unamuuzia uwanja. Unajua haiwezekani kuuondoa mchezo, Waya alikuonyesha, na bado ukaenda kumwambia kuna "ugumu kidogo". Ugumu kidogo! Watu elfu tatu! Ukitia saini kuwa haki zote ni zake peke yake wakati umeshazigawa, matatizo yatakuwa yako, na yatakuja na barua za mawakili.

Furaha yako sina ugomvi nayo. Cheka. Kosa ulilofanya ni kuiacha furaha ijibu maswali yaliyohitaji kichwa.

Sasa sikiliza mpango. Lile tangazo lifute leo. Usiliweke pembeni kwa tahadhari, usimpelekee Waya alisikilize kwanza, usilihamishie mahali pengine. Futa. Ukishalifuta, mwandikie mkurugenzi barua fupi, uambatanishe ile ruhusa kama ilivyo, umweleze kwamba vipindi kumi na viwili ni vya watu kuvigawa na vitaendelea kugawiwa, na kwamba hutasema neno lolote la kuwageuka. Kisha umweleze ulichonacho, maana unacho kingi na hukioni: hukumpa mtu yeyote ruhusa ya kutengeneza filamu, wala ya kuupeleka mchezo jukwaani, kama umenieleza yote. Vipindi vipya hujaviandika hata kimoja. Na hakuna faili duniani linaloweza kumgawa shangazi yako akiwa amesimama mbele ya watu na mkoba wake. Hayo ndiyo ya kuuza. Hao elfu tatu unaotakiwa kuwatukana ndio watakaojaza viti. Kabla ya Ijumaa tafuta mwanasheria wako mwenyewe ausome mkataba mzima. Huyo wa kampuni, hata akikukaribisha chai, ni wa kampuni.

Shangazi yako usimfiche tena. Mkalishe, acha cherehani inyamaze, mweleze tangazo lilisema nini na lingepelekwa kwa nani. Unaogopa utamnyang'anya jukwaa, lakini umeshaanza kumnyang'anya kitu kingine: hao wanaoleta suruali zisizo na kasoro. Umeamua peke yako kwamba atachagua mkurugenzi kuliko wao, na hata hujamuuliza. Sauti ya mama mkwe ni yake. Waya naye ana sauti yake mle ndani. Hakuna cha kutiwa saini mpaka watatu mmekubaliana, na kama mmoja akikataa, tafuteni kampuni nyingine.

Inawezekana mkurugenzi akasema bila tangazo hakuna mkataba. Mkisikia hivyo, ageni kwa adabu mwondoke, shangazi yako na gauni lake. Itauma. Lakini atakuwa ameondoka akijua kwa nini, na kesho yake atawafungulia watu mlango wa duka bila kuona aibu.

Sidhani mtafika huko. Ijumaa nendeni wote watatu, na kabla karatasi hazijafunguliwa, muulize mkurugenzi swali moja tu, kwa upole: yeye mchezo huu aliusikia wapi? Redio ziliukataa. Dukani haupo. Kuna mtu alimpa. Mwache akumbuke ni nani, mkewe, dereva wake, mtu wa mapokezi, na mwache amtaje. Akishamtaja, mpe kalamu akikate kile kifungu kwa mkono wake mwenyewe.