Sirudishi Kidaftari Hiki

Chumba namba 304, Jengo la Tatu,
Abiko, Osaka.
23 Februari 1997

Mpendwa Mama Mdogo Fusae,

Habari za huko Hakodate? Na goti lako je, linaivumilia theluji ya mwaka huu? Redio inasema imefika madirishani, nami kila nikisikia nakuona umetoka na koleo wakati kijana wa jirani yupo. Tafadhali mwachie yeye. Sisi huku hatujambo. Honoka ameota jino la saba na ameshatoka kwenye homa yake ya pili tangu mwaka uanze. Mimi nimechoka tu, uchovu ule wa kawaida, usinitumie dawa. Mtungi wa ngisi wa chumvi ulifika salama. Baba Honoka aliula na wali siku tatu mfululizo, ya nne akauficha.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Naona mama alikwisha kukusimulia, tena kwa chumvi nyingi kuliko ile ya ngisi. Unanishauri nikirudishe dukani kile kidaftari cha umeme, niache kuuza bima mpaka mtoto aanze shule, maana mshika mawili moja humponyoka. Kwa heshima zote, Mama Mdogo, sirudishi na siachi. Ila wewe ulisafiri siku nzima kwa treni kuja kunisaidia Honoka alipozaliwa, kwa hiyo una haki ya kuyasikia yote kwangu mwenyewe.

Kosa lilikuwa langu. Kila Desemba kampuni hutupa daftari jipya la karatasi, nasi akina mama tunaozunguka milangoni kwa watu huhamisha kila kitu kwa mkono kutoka lile la zamani: nani kazaliwa lini, mtoto wa nani ana mtihani, nani kafiwa. Nina nyumba sitini na mbili. Safari hii nilihamisha huku Honoka akiungua kwa homa mgongoni mwangu, nikaruka mstari mmoja. Ulikuwa mstari wa Bi. Odagiri, mwenye duka la tofu, kwamba baba mkwe wake alifariki Oktoba. Kadi ya kutuarifu kwamba wako msibani, wasitumiwe salamu za Mwaka Mpya, aliniletea mwenyewe mkononi. Nami nikampelekea kadi ya ng'ombe anayecheka, maana mwaka huu ni wa ng'ombe, na pongezi juu yake.

Hakunifokea. Alinirudishia kadi yangu ndani ya bahasha nyeupe, kwa mikono miwili, akaingia ndani. Nilikwenda tena mara mbili na boksi la keki za maharage. Mara zote mbili mumewe akaniambia mkewe yuko nyuma anachemsha soya.

Bwana Nishiwaki, mkuu wetu, akayatoa kwenye mkutano wa asubuhi, mbele ya wote. "Kichwa cha mama mwenye mtoto kimejaa nepi," akasema. "Mwisho wa Machi nyumba zake wagawiwe wengine, kabla hajatupongezea matanga mengine." Watu wakacheka. Bila nyumba zile sina kazi, Mama Mdogo, na yeye anajua. Nikasimama nikasema, "Mpaka mwisho wa Machi ni zangu."

Jumamosi iliyofuata mimi na mume wangu tukaenda Nipponbashi kwenye maduka ya vitu vya umeme kutafuta kidaftari, Honoka mgongoni. Muuzaji akamwinamia mume wangu. "Kaka unatafuta cha ofisini?" Mume wangu akanionyesha kwa kidevu: "Muulize bosi." Basi nikaletewa kimoja cha rangi ya waridi, kinachopiga ramli ya mapenzi. "Wasichana wanakigombania, dada," akasema. Nikamwambia mchumba nilishampata, ndiye huyo aliyebeba mfuko wa nepi, sasa anionyeshe kinachokumbuka watu.

Akaleta cha kufunguka kama kitabu, vibonye chungu nzima. Kizuri, lakini kinataka meza, na meza yangu mimi ni kizingiti cha mlango wa mtu. Nilitaka cha kushika kwa mkono mmoja, wa pili uko chini ya makalio ya Honoka. Vikabaki viwili vya kuandikia kwa kikalamu juu ya kioo. Kimoja chembamba, kipya, kinang'aa. Cha pili cha mwaka juzi, kinene, cha kijivu, kimechubuka kwa kushikwashikwa na wapita njia.

Nikamuuliza, betri zikiisha majina yanakwenda wapi? Akajibu, hayaendi popote dada, kuna kibetri cha akiba humo ndani, kama kidonge. Nikamwambia, toa hizo kubwa nione. Akacheka, akasema hakuna mteja aliyewahi kumwomba hilo. "Basi mimi ndiye wa kwanza." Nikaandika jina la Honoka kwenye vyote viwili, akazitoa betri, tukasubiri, Honoka akinivuta nywele. Alipozirudisha, kile chembamba kiliamka kama kichanga, kikaniuliza leo tarehe ngapi. Kwenye kile cha kijivu Honoka alikuwepo palepale nilipomwacha.

Muuzaji akajikuna shingo, akasema kibetri cha kile chembamba huenda kilikufa kwa kukaa sana kwenye maonyesho. Huenda. Lakini mimi nilishaona jina la mwanangu likipotea mbele ya macho yangu. Mume wangu akanong'ona, "Mama Honoka, hiki si tofali hiki?" Nikamwambia tofali ndilo linalojenga nyumba. Nikalipa kwa bahashishi yangu ya Desemba, hakuna aliyenichangia.

Nyumbani mama mkwe alikigeuza kama samaki asiyemwamini. "Sisi zamani wafu wa watu tuliwaweka kichwani, mkamwana, si mfukoni." Nikajibu, "Kweli mama, lakini kichwa chako kilikuwa kinalala." Akakunja mdomo. Kesho yake asubuhi, bila kunitazama, akaniambia ana miadi ya daktari wa meno Jumanne, kama kile kidude kina nafasi.

Jumapili mbili, Honoka akilala mchana, niliingiza majina yote. Sikuanza na siku za kuzaliwa. Nilianza na wafu.

Alhamisi iliyopita nikarudi kwa Bi. Odagiri. Safari hii bila keki. Nikapanga foleni, nikanunua tofu kama mteja mwingine, nikangoja wateja wapungue. Nikatoa kidaftari. "Bi. Odagiri, sikuja kuomba radhi tena. Nimekuja kuuliza jina la mzee na siku yenyewe, nisikosee tena maishani mwangu."

Akakitazama. "Kwa hiyo mashine ndiyo itanikumbukia mzee wangu?"

"Hapana. Yenyewe itanizuia nisiropoke. Kumkumbuka nitamkumbuka mimi."

Akafunga maji yaliyokuwa yakitiririka kwenye beseni. Kisha akafuta mikono kwenye aproni, akachukua kile kikalamu, akaandika mwenyewe. Jina. Tarehe kumi na saba Oktoba. Na chini yake: alipenda tofu ya kukaanga ikiwa bado moto. Akanirudishia kwa mikono miwili, vilevile kama ile bahasha nyeupe. "Andika na Agosti," akasema, "kwenye sikukuu ya wafu, roho yake itakaporudi nyumbani mara ya kwanza. Uje kabla ya saa nne, baadaye kuna joto."

Sijui kama Bwana Nishiwaki ataliona hilo ni kitu. Kesho kwenye mkutano nitalisoma kwa sauti, na waliocheka wakiwapo. Mtu mwenye miadi ya Agosti haondoki Machi. Na akizigawa hizo nyumba, atazigawa nimekaa kitini mwangu, namtazama usoni, na Jumatatu itakayofuata nitabisha mlango wa kampuni nyingine nikiwa na majina sitini na mawili mfukoni.

Mama Mdogo, wewe uliacha kazi ya posta Shinji alipozaliwa. Mama aliniambia ile sare uliendelea kuipiga pasi mwaka mzima, na hakuna wa kuivaa. Sikukumbushi ili nikuumize. Nasema tu kwamba mimi yangu bado naivaa.

Tena hata ningetaka kukirudisha, isingewezekana sasa, maana baba mdogo yumo humo. Tarehe tisa Juni, siku aliyotuacha, kitalia saa moja asubuhi, nami nitakupigia simu kabla hujaiweka chai yake mbele ya picha. Ukiniambia tena siku hiyo niache kazi, nitakusikiliza mpaka mwisho, halafu nitakukatalia tena.

Nisalimie Shinji na mkewe, na yule kijana wa koleo. Honoka anakupungia mkono, ingawa anaupungia ukuta. Mbingu zikulinde na utelezi, na goti lako lipate kuyaona majira ya machipuko.

Ni mimi mwanao akupendaye hata anapokukatalia,
Chinatsu