Nakaa Eda ya Kijana Ambaye Hakunioa

Mpendwa Bi Zuhura, shikamoo. Naomba unisaidie, maana hapa nyumbani Kiwangwa hakuna ninayeweza kumwambia. Nina miaka kumi na minane, mwaka jana nilitibiwa saratani ya tezi Dar es Salaam, na hospitalini ndiko nilikomjua Sufiani, kijana wa Mkange aliyekuwa na saratani ya mfupa, tukazoeana mpaka tukapendana, na hakuna kibaya tulichofanya, tulikaa tu kwenye benchi la korido mama zetu wakisinzia, yeye akimenya chungwa na kunipa vipande visivyo na kokwa. Kile chuma cha magurudumu kinachotundikiwa dripu alikiita mke wake. Nikimwita atasema, "Subiri kwanza, bi mdogo, nimsindikize bi mkubwa chooni." Wauguzi walicheka, mimi nikaona haya, lakini jina lile nililipenda. Alisema akipona atawatuma wazee wake waje kwetu kuposa.

Mimi niliruhusiwa, yeye akabaki. Dada yake, Tatu, ndiye aliyenipigia, na walikuwa wameshamzika. Tulikuwa shambani na mama tunapalilia mananasi, nikamwambia yule mgonjwa wa Mkange amefariki, akasema, "Maskini, Mungu amrehemu," akaendelea kupalilia, na mimi nikaendelea kupalilia.

Tangu siku ile nakaa eda kwa siri. Sipaki hina wala manukato, sivai nguo ya rangi, harusi ya binamu yangu sikwenda, nilisema kichwa kinauma. Nimenuia kutimiza miezi minne na siku kumi kwa sababu hana mwingine wa kumkalia. Sasa tarehe yangu ya kliniki imepita, mama nilimdanganya kuwa daktari ameisogeza mbele, na chini ya taya nasikia kivimbe kidogo kimerudi. Nikisafiri nitakuwa nimevunja eda. Je, niimalize kwanza?

Arafa, Kiwangwa

Arafa mwanangu, marahaba. Kabla ya yote, pole kwa msiba. Nadhani umefiwa na hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kukupa mkono, kwa hiyo upokee wangu.

Sasa nikugombeze. Eda hukaa mke aliyeolewa, kwa mahari na mashahidi. Wewe hukuolewa, kwa hiyo huna eda ya kuvunja. Hata mjane wa ndoa akiumwa hutoka kwenda kutibiwa, muulize shekhe yeyote hapo kwenu. Unachokaa wewe ni huzuni, na huzuni haikatazwi, lakini nani alikwambia marehemu anataka ukae ndani unapapasa kivimbe?

Halafu jiulize kweli, mwanangu. Ni eda tu inayokuzuia, au ni lile benchi? Unaogopa kufika ukakaa peke yako. Naelewa. Utakaa, na utalia. Lakini wale wauguzi ndio watu waliowaona mkiwa wawili, na huenda wapo wanaomlilia mpaka leo. Hapo Kiwangwa umejificha na msiba ambao pale hospitalini ungepata wa kulia naye.

Mwambie mama yako leo, bila kuzunguka: "Mama, daktari hakusogeza tarehe, na kivimbe kimerudi." Anza na kivimbe. Habari za Sufiani zitafuata mkiwa njiani, safari ya Dar ina nafasi ya kutosha ya kuzungumza. Usingoje kupangiwa tarehe nyingine, nendeni wiki hii hii, na daktari umweleze kliniki uliikosa kwa hiari yako ili asipoteze muda kukisia.

Daktari akishakuona, mpigie Tatu umwombe ruhusa ya kwenda kuhani. Usiende Mkange peke yako, fuatana na mama au shangazi. Mama wa Sufiani akikuuliza wewe ni nani, usijibu "mgonjwa mwenzake" ukanyamaza. Mwambie mwanawe alikuwa akikuchekesha. Nadhani atataka kusikia zaidi.

Hayo ni ya baadaye. Sasa weka gazeti chini, umwite mama.