Kitufe Ambacho Hakikubadilishwa

Sumbawanga, Jumanne, Julai

Basi, nimevibadilisha. Fundi Deo alileta seti mbili za vitufe vya kibodi, mtumba wa Tunduma, akavimwaga kwenye meza aliyokuwa akichapia dada yangu Felista mpaka tulipomzika.

"Hivi laini vitafutika kama vya zamani, dada. Hivi vinene, herufi imepenya mpaka ndani. Haifutiki."

Sikutaka vyovyote. Lakini Felista alichapa bila kutazama, herufi zilizofutika hazikumsumbua. Mimi natazama, nakosea, na wateja wanaokuja kuchapiwa barua wamechoka. Jana mwalimu mmoja wa Katandala aliondoka amenuna, barua yake haijaisha.

Nikachagua vile vinene. Deo alipoanza kung'oa vya zamani nilisingizia kwenda kuchemsha chai.

Niliporudi, kitufe kirefu cha nafasi kilikuwa bado kilekile. Kipya kilikataa kuingia. Deo akasema atatafuta kingine. Nikamfokea akiache! Maskini, hakujua.

Upande wa kushoto kinang'aa, kimebonyea kidogo. Felista alitumia gumba la kushoto, mimi la kulia. Tulivyokuwa tukibishana nani aliyefundishwa vibaya...

Deo alipoondoka nikaichapa upya barua ya mwalimu, kwa gumba la kushoto. Ni zito, maneno yaligandana, nikarudia. Nililiweka palepale alipokuwa akiweka lake. Plastiki ilikuwa ya baridi.